Jina Moja, Shingo Nyingi

Kitu kikiitwa kwa jina fulani, kikafa, kisha kesho yake jina lile likaitwa tena na likaitikiwa, je, kuna aliyekufa? Swali hilo lilikuwa limemkaa Siwema kooni kama mwiba wa samaki. Hakuweza kulimeza, hakuweza kulitema, na kila alipofungua kinywa kuwakaribisha wageni lilimchoma.

Katika mji ule ambao haukuwa na jina, kwa sababu majina yote yalikwisha kwenye mabango, palikuwa na Bustani ya Neema, na ndani ya Bustani palikuwa na chui milia mmoja. Mmoja tu. Ndivyo lilivyosema bango la langoni, na bango halibishani na mtu. Husema neno lile lile mpaka wabishi wachoke. SULTANI, MTOTO WA CHUI MILIA ASIYEKUA. NJOO UMPAKATE. Chini ya bango palikuwa na saa iliyosimama asubuhi. Jua nalo lilikwishafundishwa adabu: lilipanda mpaka usawa wa paa la kibanda cha tikiti, likaning'inia hapo kama taa ya ukumbini, ili picha zitoke vizuri.

Watu waliokuja wakiwa wachumba walirudi na wajukuu, na wakamkuta Sultani vile vile: kitoto cha kupakatwa, masikio ya mviringo, tumbo la maziwa, miguu mizito kuliko mwili. Wakapiga makofi. "Tazama, hajakua hata kidogo!" Wao wenyewe walikuwa wameota mvi, magoti yao yanalia kama bawaba za mlango wa zamani, lakini mnyama waliyemnywesha ujanani hakuongezeka hata unywele, na jambo hilo liliwafurahisha badala ya kuwatisha.

Hasira ya Siwema ilianzia hapo, kwenye furaha ile.

Kwani siri ilikuwa nyepesi kuliko unyoya. Palikuwa na ukanda wa shanga nyekundu, wa zamani kuliko shingo yoyote iliyowahi kuuvaa. Mtoto wa chui alipozidi uzito wa pajani, ukanda ulivuliwa shingoni mwake ukavishwa mdogo zaidi, na jina likahama pamoja na ukanda. Kazi ya kuhamisha ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Mama Sultani. Yeye ndiye aliyeingia kwa mama chui kabla watoto hawajafungua macho, akamchukua mmoja, akamviringisha ndani ya kanga, kisha akamnong'oneza jina katika sikio la kulia, kama mtoto wa watu anavyokaribishwa duniani. Akimaliza kunong'ona alimpa chupa. Jina, maziwa. Jina, maziwa. Hivyo hivyo mpaka jina lenyewe likawa na ladha, na mtoto akilisikia hata usingizini ulimi ulitoka kutafuta chuchu. Mama chui alibaki akilamba sakafu pale watoto walipokuwa wamelala, akailamba mpaka saruji ikang'aa. Mwili usio na wa kunyonyesha husahau haraka. Muda si muda alikuwa tayari kubeba mimba tena, na hilo ndilo walilolitaka.

Na yule aliyevuliwa ukanda? Alipitishwa mlango wa chuma uliokuwa ndani ya ukuta mrefu. Ukuta ulichorwa msitu. Aliyeuchora hakuwahi kuuona msitu, wala hakuijua ile nchi ya ng'ambo ambako chui milia walitekwa. Majani yote yalikuwa sawa, yamepangwa kama vigae. Wageni walipenda kusimama mbele yake.

Wala ukanda haukuwa peke yake katika kuhama. Hata jina la Mama Sultani lilihama. Mwanamke akizeeka kiasi cha kuharibu picha, kanga ya kazi ilivuliwa begani mwake akavishwa mwingine. Siwema alikuwa wa ngapi? Hakuna aliyejua. Siku moja mgeni alimuuliza jina lake la kuzaliwa, naye akajibu, "Mama Sultani." Aliposhtuka, ulimi ulikuwa umekwishasema. Tangu siku hiyo alijiita kimoyomoyo kila alipoamka, Siwema, Siwema, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama bado yumo.

*

Asubuhi ile isiyokwisha, Bwana Neema, mwenye Bustani, alikuja na spika mpya, nyeusi, kubwa kama kabati la vyombo. Akaiweka juu ya jukwaa, akafuta jasho kwa leso yenye harufu ya marashi.

"Mama Sultani, leo mvue yule dume. Amekuwa pipa."

Siwema alikuwa amekaa chini. Dume mwenyewe alikuwa amemwekea kichwa pajani. Kichwa tu, maana sehemu nyingine ya mwili haikutosha tena.

"Bado anayo meno ya maziwa, Bwana."

"Jana kamkwaruza mgeni."

"Kwa kucha zipi? Si mlizikata mpaka kwenye mfupa?"

"Kamkwaruza kwa macho!" Bwana Neema akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, akashusha sauti kama mtu anayeeleza aibu ya familia. "Mgeni kaja kulalamika. Anasema mnyama alikuwa anamtazama. Hebu fikiri. Mtu kaacha kwake, kasafiri, kalipa, kaja kutazama, halafu atazamwe yeye!"

"Basi niachie. Akae nami huku huku mbele. Mpe jina jingine."

"Jina jingine ni chui mwingine, na chui mwingine ni swali. Watu hawaji hapa kuuliza maswali, Mama Sultani. Maswali wanayo tele kwao."

"Huko nyuma atakufa akiwa mzima."

"Nani? Sultani?" Bwana Neema akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, hilo ndilo lililomkera Siwema zaidi. "Sultani hafi. Kitoto kile cha juzi kitavaa ukanda, na leo nitakiita kwa spika, wageni wote wasikie mpaka barabarani. Umeshakinong'oneza?"

"Nimekinong'oneza," alisema Siwema.

Akainuka, na dume akainuka naye. Mnyama alitoa ile sauti yake ya puani, fupi na laini, kama mtu anayepuliza jivu kutafuta kaa lililo hai. Chui milia huwasalimu hivyo wanaowaamini tu. Bwana Neema hakuwahi kusalimiwa hivyo, wala hakujua kwamba ni salamu. Siwema alifungua kifundo kwenye pindo la kanga, akatoa ufunguo, wakapita msituni, yaani wakapita ukutani, yeye mbele na chui nyuma, bila mnyororo. Alimfuata kwa sababu ya harufu yake. Kwa sababu yake! Laiti angekataa, laiti angekaa chini akawa jiwe. Lakini aliyefundishwa kupenda tangu hajafungua macho hafungwi kamba. Anaitwa tu.

*

Nyuma ya ukuta wakati ulikuwa unakwenda, tena unakwenda mbio. Miaka yote iliyokatazwa kuingia kwa mbele ilikuwa imesukumiwa huku, ikarundikana juu ya migongo ya wanyama. Vyumba vya saruji vilifuatana mpaka jicho lilipochoka. Katika kila chumba palikuwa na Sultani. Sultani mwenye vidonda kwenye viwiko kwa kulalia sakafu ngumu. Sultani aliyeng'olewa meno ya mbele ili ahofiwe kidogo apigwe picha zaidi, siku alipokuwa bado anapigwa picha. Sultani wa kike aliyezalishwa mpaka tumbo likawa mfuko mtupu. Sultani ambaye hata ndani ya usingizi wa dawa miguu yake ilichezacheza, ikitembea upana wa chumba, ikigeuka, ikitembea, ikigeuka. Milia ya migongo ilikuwa imefifia kama wino ulionyeshewa mvua, na Siwema aliwahi kuota kwamba milia ile ndiyo iliyohamia kwenye vyuma vya milango.

Walilala wote. Kila siku kabla ya lango kufunguliwa Mama Sultani aliwaletea nyama iliyopakwa unga mweupe, wakalala mpaka wageni walipoondoka, na mabaki ya usingizi yakawashika mpaka kesho yake. Chui anayelala hana sauti, na asiye na sauti hayupo.

Bi Chiku, aliyekuwa Mama Sultani kabla ya Siwema, alikuwa akisukuma maji machafu kwa ufagio wa chelewa. Kazi hiyo ndiyo waliyompa baada ya kumvua kanga.

"Karibu kwa wakubwa, mwari wangu," alisema. "Umetuletea nani? Ah, Sultani! Hebu tukae vizuri jamani, Sultani kaja kuwatembelea akina Sultani."

"Usinitanie leo, Bi Chiku."

"Nisikutanie nikakulilia? Machozi yangu niliyamaliza kwa yule pale wa kona." Akaelekeza ufagio kwa jike kongwe lililojikunja kama gunia. "Yule ndiye wangu. Nilimlea kwa chupa hizi hizi. Nilimwambia nitarudi kumchukua. Nimerudi, si unaona? Na ufagio."

Siwema akamwingiza dume katika chumba cha kwanza, ambacho pekee kilikuwa kitupu, akafunga. Dume hakupiga kelele. Alikaa akimtazama kwa subira, kama mtoto anayengoja mama amalize mazungumzo na jirani waende nyumbani.

Hapo ndipo kutoka mbele ilipokuja sauti kubwa, ya kukwaruza. Bwana Neema alikuwa akijaribu spika. "Moja, mbili. Sultani. Sultaaani."

Wote walikuwa wamelala. Lakini lile jike kongwe la kona likasogeza sikio. Kisha ulimi ukatoka, mkavu, umepasuka, ukapapasa hewa. Ulikuwa unatafuta chupa.

Siwema aliutazama ulimi ule. Jambo fulani likakatika ndani yake, na halikukatika kwa kishindo; lilikatika kama uzi unavyokatika kwenye jino la mshonaji. Yaani baada ya vyote. Baada ya kucha, baada ya meno, baada ya watoto kunyakuliwa mmoja mmoja chini ya kwapa lake, bado alikuwa anaamini kwamba jina lake ni maziwa.

Mnapenda nini, nyinyi? Alikuwa akiwauliza wageni, ingawa hakuna mgeni aliyekuwapo, na midomo yake haikutikisika. Mnasema mnampenda. Mnakuja na fulana zenye uso wake. Mnalia machozi mkimnywesha. Mngempenda mngemwacha awe mkubwa. Mngekubali awe hatari. Hamumpendi, mnapenda kuwa na nguvu kuliko kitu chenye nguvu, kwa dakika chache, mkiwa mmekaa. Mnataka mfalme, lakini wa kupakata. Mnataka moto, lakini wa kuchorwa. Na mimi je? Mimi ni mkono. Mkono wa nani? Mkono hauulizwi. Mkono unapaka unga. Nani aliyesema kwamba mkono hauna kinywa? Siwema. Siwema. Bado yumo.

Alichukua mfuko wa unga mweupe, akaumwaga wote kwenye mfereji wa maji machafu. Kisha akawagawia wote nyama tupu, kuanzia kwa dume, akiwaamsha kwa kuwamwagia maji usoni, mmoja baada ya mwingine, wale waliobaki na usingizi wa jana.

Bi Chiku aliacha kufagia.

"We mtoto. Umesahau chumvi yao."

"Sikusahau."

Wakasikia mifupa ikivunjwa na mataya yaliyokuwa macho.

"Basi mimi sikuona," alisema Bi Chiku, akaushika tena ufagio. "Macho yangu yalistaafu kabla yangu. Ila masikio ninayo."

*

Lango lilipofunguliwa wageni waliingia kama maji. Kila mmoja alikuwa ameshika simu mbele ya uso, kwa hiyo kwa mbali walionekana hawana nyuso, wana vioo tu, na katika kila kioo alikuwamo Siwema, mdogo, amekaa jukwaani na kitoto cha chui kwenye kanga. Ukanda wa shanga ulikuwa umezungushwa mara mbili shingoni mwa kitoto, maana shingo ilikuwa nyembamba kama kifundo cha mkono. Macho yake yalikuwa bado yameshikana.

Mgeni mmoja tu hakuwa na simu. Alikuwa bibi mwenye miwani minene, amekaa mstari wa mbele.

"Nilimpakata siku ya harusi yangu," alimwambia Siwema kwa furaha. "Marehemu mume wangu ndiye aliyetupiga picha. Hebu mwone, ni yule yule! Unadhani atanikumbuka, mwanangu?"

"Ngoja aitwe, bibi," alisema Siwema. "Utajua."

Bwana Neema alipanda, akashika kipaza sauti, akatoa meno. "Mabibi na mabwana! Miaka inapita, wafalme wanapinduliwa, lakini wetu yupo! Ni yule yule, ni mmoja, hana wa pili! Nitamwita mara moja tu, naye ataitika kama mtoto wa chui anavyoitika. Sultaaani!"

Kitoto kilikuwa kimya. Hakikugeuza kichwa. Hakikutoa ulimi. Kilikuwa kimelala kwenye kanga kama kitu kisichohusika.

Nyuma ya msitu uliochorwa, mmoja akanguruma.

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa nzito, ya kuuliza, kama mtu aliyesinzia barazani akisikia anabishiwa hodi. Kabla haijakatika ikaja ya pili, nyembamba zaidi, ya jike. Kisha ya tatu. Vioo vyote vikashuka, na kwa mara ya kwanza wageni wakawa na nyuso.

"Ni nini hicho?" aliuliza mtu.

"Mwangwi!" alisema Bwana Neema ndani ya spika. "Ni mwangwi tu, msiogope. Spika ni mpya. Sultani ni huyu hapa."

Jina likaruka ukuta. Wakaitika wengi zaidi, karibu, mbali, mbali kabisa, na rangi ya msitu ikaanza kubanduka na kuanguka vipande vipande chini ya miguu ya watu.

"Mwangwi gani unaojibu kwa sauti nyingine?" aliuliza yule bibi. Alikuwa amesimama.

"Bibi, nakuhakikishia, Sultani ni mmoja tu!"

Wakaitika. Aliyekuwa amekosa meno aliitika kwa pumzi. Aliyekuwa na koo bovu aliitika kwa kugonga chuma. Bwana Neema alitokwa jasho, akafafanua, na hakuna alichoweza kufafanua bila kutaja jina. Na kila alipolitaja aliwaita, na kila alipowaita walikuja na njaa yao yote ya utotoni. Aliwafunza mwenyewe. Alikuwa ametengeneza jina lisilokufa bila kufikiri kwamba lisilokufa hurundikana.

Katikati ya ngurumo zote dume wa Siwema aliita. Siwema aliijua sauti ile. Akafunga macho.

"Mama Sultani!" alifoka Bwana Neema, kipaza sauti bado kimemganda mkononi. "Mama Sultani, wanyamazishe!"

"Abee!" likaja jibu kutoka nyuma ya ukuta. Lilikuwa la Bi Chiku, limejaa kicheko na kitu kingine kilichokuwa kikali kuliko kicheko.

"Abee!" likaja jibu kutoka jikoni, kwa mwanamke aliyekuwa akichambua mchele wa wafanyakazi.

"Abee!" kutoka kwenye kamba za kuanikia nguo. "Abee!" kutoka chooni kwa wageni, kwa kikongwe mwenye ndoo ambaye hakuna aliyewahi kumsalimu. Wakatokea mmoja mmoja na mikono iliyolowa, wote mabega yameinamia upande mmoja, upande wa kupakatia.

Wawili tu hawakuitika katika Bustani nzima: kitoto kilichovaa ukanda na mwanamke aliyekipakata.

Bwana Neema alimgeukia. Sasa alinong'ona, lakini spika haikujua kunong'ona. "Ulisema umekinong'oneza."

"Nilikinong'oneza," alisema Siwema. "Sikukinong'oneza hilo."

"Ulikiambia nini?"

"Nilikiambia: ukiitwa, usiende."

Akafungua ukanda shingoni mwa kitoto. Uzi ulikuwa mkongwe, ukakatikia vidoleni, na shanga zikamwagika zikavingirika chini ya viti vya wageni. Wapo walioinama kuziokota ziwe kumbukumbu. Wapo pia, Mungu awaone, waliokwisha kunyanyua simu tena, wakiupiga picha ukuta.

Yule bibi hakuinama. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kiganja palipokuwa na jani, na jani likatoka na kiganja. "Nilimpakata yupi?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu. Aligonga chuma. "Mwanangu, niliyempakata mimi ni yupi humu?"

Siwema alishuka jukwaani. Akakifungua kifundo cha pindo la kanga, akamwekea bibi ufunguo mkononi, akaufunga mkono ule kwa mkono wake.

"Usiogope, ndani kila chumba kina mlango wake wenye komeo, hawatatoka," alisema. "Ingia uwatazame wote. Utazamwe na wewe. Dume wa chumba cha kwanza ni wangu. Mwambie nakuja, na safari hii siji na ufagio."

Mlango wa chuma ukalia kwenye bawaba zake. Kutoka ndani ikatoka harufu, na baada ya harufu ikaja miaka, yote kwa pamoja, ikapita katikati ya watu kama upepo wa mvua. Saa ya langoni ikagonga. Jua, lililokuwa limening'inia juu ya kibanda cha tikiti tangu mji ulipopoteza jina lake, likashuka kidogo, na kivuli cha bango kikasogea, kikapanda jukwaani, kikafika kwenye viatu vya Bwana Neema.

Aliruka kukikwepa. Akamkimbilia Siwema, mikono mbele. "Nipe kitoto. Nipe Sultani wangu!"

Nyuma ya ukuta wakaitika.

Ndani ya kanga, kope za kitoto zilikuwa zimeachana. Kilikuwa na macho ya buluu, yenye ukungu, ya kiumbe asiyejua bado kama dunia ni kubwa au ni chumba. Hakikulia. Hakikutafuta chupa. Bwana Neema alinyoosha mkono, kisha mkono ukasimama hewani, ukaanza kurudi, naye akarudi pamoja nao, hatua kwa hatua, kwa maana kilikuwa kinamtazama.